Jiko Dogo, Moto Mkali

Msikilizaji, uwe Njombe mjini, uwe Makambako, Makete, Ludewa kule milimani, au uko Mafinga na vijiji vyote vya Mufindi, najua muda huu umeshavaa sweta na juu yake umejitanda kitenge. Ni mwezi wa saba. Kule Kitulo, asubuhi za mwezi huu umande huganda kwenye majani, na mtu akitoka kukamua ng'ombe vidole vinakataa kukunjika. Karibu tukae pamoja kwa dakika chache.

Jioni ya leo tuzungumze juu ya jiko. Sisemi jiko la kupikia, hilo tumelizungumza mara nyingi. Nasema jiko la kuota moto, jiko la kutia joto nyumba. Na hasa nyumba ndogo, ya kisasa, iliyozibwa vizuri, ambayo upepo haupati pa kupenya.

Nimechagua jambo hili kwa sababu ya ujumbe tulioupata juma lililopita. Umetoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu. Yeye na mume wake wamehamia nyumba yao mpya mwezi wa tano. Vyumba viwili na sebule. Matofali ya kuchoma, lipu ndani na nje, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini, vigae sakafuni. Anasema nyumba haipitishi upepo hata kidogo, lakini jioni watoto wanatetemeka. Fundi wa kuchomelea amemwahidi kumtengenezea jiko kubwa la kuni kutokana na pipa zima la mafuta, ili liwe na nguvu. Jirani naye anamwambia asihangaike, aweke jiko la mkaa sebuleni kama watu wengine. Mwalimu anauliza: nichague lipi?

Mwalimu, jibu nakupa sasa hivi, sababu zitafuata. Jiko la mkaa ndani, hapana. Pipa zima, hapana. Chagua jiko dogo la kuni, lenye mlango unaofunga, lenye bomba la kutoa moshi mpaka juu ya paa, na lenye tundu lake la kuvuta hewa kutoka nje ya nyumba. Narudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi: jiko dogo, lenye mlango, lenye bomba juu, lenye hewa yake kutoka nje.

Kwa nini nasema hivyo? Turudi kidogo nyuma.

Wengi wetu tumekulia kwenye jiko la bibi. Mafiga matatu katikati, paa la nyasi, na juu ya moto mahindi ya mbegu yamening'inizwa yakifukizwa moshi ili wadudu wasiyaguse. Tuliota moto pale, tukachoma viazi kwenye majivu, tukasikiliza hadithi. Pia tulikohoa, na macho ya bibi yalikuwa mekundu miaka yote. Sitaki tuusifu moshi ule, maana uliharibu vifua vya mama zetu. Lakini nyumba ile ilikuwa na jambo moja: ilipumua. Moshi ulipenya kwenye nyasi, hewa iliingia chini ya mlango na kwenye nyufa za ukuta. Mtu hakuhitaji kujiuliza hewa ya moto inatoka wapi, ilikuwa inaingia kila upande.

Leo fedha za mbao na parachichi zimetujengea nyumba nyingine. Dirisha la alumini likifungwa, limefungwa. Dari ya jipsamu haina hata pengo la kupitisha sindano. Wapo waliotandaza maranda juu ya dari ili joto lisipotee kwenye bati. Hayo yote ni mema, nami nawapongeza mafundi wetu. Tatizo ni kwamba tumebadilisha nyumba, lakini moto tunaouingiza ndani ni ule ule wa kwa bibi. Moto uliozoea nyumba inayopumua tunaufungia kwenye nyumba isiyopumua.

Sasa jiulize, moto unakula hewa kiasi gani? Nitatoa mfano mmoja tu wa hesabu. Kilo moja ya kuni kavu, ili iungue vizuri, inahitaji kama mita 10 za ujazo za hewa, na huku kwetu inahitaji zaidi. Huku kwetu ni zaidi kwa sababu Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya kawaida. Ndani yake mna kama mita 24 za ujazo za hewa. Yaani kama kilo mbili za kuni zinatosha kutumia hewa yote ya chumba hicho. Kilo mbili ni nini? Ni vipande vitatu vinne vya muwati. Kwenye jiko kubwa unavimaliza kabla ya taarifa ya habari kwisha.

Hewa hiyo lazima itoke mahali. Kama nyumba imezibwa, bomba linavuta kwenda juu na hakuna kinachoingia kujaza nafasi. Mwisho bomba linashindwa kuvuta, na moshi unarudi sebuleni. Watu wakiona hivyo wanamlaumu fundi au wanasema kuni zina mkosi. Mara nyingi kosa ni la hewa.

Kuna jaribio unaweza kulifanya leo hii kama tayari una jiko la bomba nyumbani. Subiri moto uwake, kisha fungua dirisha la karibu kwa upana wa vidole viwili. Moto ukichangamka ghafla, ujue jiko lako lilikuwa na kiu ya hewa. Dawa yake ni kutoboa ukuta karibu na jiko, chini, na kupitisha bomba la chuma la upana wa sentimita kama 10, linaloleta hewa ya nje moja kwa moja kwenye jiko au jirani kabisa na mlango wa jiko. Upande wa nje weka wavu ili panya wasiingie, na kakofia ka kuzuia mvua. Kwa njia hiyo jiko linakunywa hewa yake, na ninyi mnabaki na yenu. Wala nyumba haitapoa kwa kiasi cha kukutisha, kwa sababu hewa ile inakwenda kwenye moto kabla haijafika miguuni pako.

Hayo ni ya jiko lenye bomba. Sasa hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi, hata kama uko jikoni unasonga ugali, punguza moto kidogo uje usikilize. Nazungumzia jiko la mkaa.

Miaka kadhaa iliyopita nililala katika nyumba moja ya wageni huko juu milimani. Baridi ilikuwa kali. Mhudumu, kwa wema wake kabisa, aliniletea jiko la mkaa chumbani, mkaa umeiva vizuri, mwekundu, hauna hata uzi wa moshi. Nilimshukuru, nikafunga dirisha, nikalala. Usiku wa manane niliamka kichwa kinagonga kama kinu. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilijikokota mpaka mlangoni nikaufungua, nikalala kifudifudi barazani kwenye baridi ile ile niliyokuwa nikiikimbia. Ndiyo iliyoniokoa. Nasema mbele yenu kwamba kama ningelala usingizi mzito zaidi, leo msingenisikia.

Kilichonipata ni gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haikohozi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania pale ambapo oksijeni ingekaa, na nguvu yake ya kung'ang'ania ni zaidi ya mara 200 kuliko ya oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi tena kile mwili unachokihitaji. Aliyelala halisikii jambo hili likimjia. Anaingia usingizi mwingine juu ya usingizi.

Watu wengi wanadhani mkaa ni salama kuliko kuni kwa sababu hautoi moshi. Ni kinyume. Moshi wa kuni unakukohoza, unakufukuza, unakuambia ondoka. Mkaa unakaa kimya. Mkaa unaowaka taratibu kwenye hewa kidogo ndio unaotoa gesi hii kwa wingi. Na hata jiko banifu, lile zuri la udongo lililopunguza gharama ya mkaa kwa akina mama wengi, halina bomba. Limesaidia sana kwenye kupika, mahali penye hewa. Chumba cha kulala si mahali pake.

Basi dalili ni zipi? Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Na dalili kubwa kuliko zote ni hii: kama nyumba nzima, baba, mama na watoto, wote wanaumwa kichwa jioni moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si malaria. Ni moto wa ndani. Fungua milango, toa kila mtu nje, na anayeonekana amelegea mpelekeni kituo cha afya apewe oksijeni. Najua kuna desturi ya kumnywesha mtu maziwa. Maziwa hayaitoi gesi hii kwenye damu. Msipoteze muda kutafuta maziwa, tafuteni gari. Mama mjamzito na watoto wadogo wapelekwe hata kama wanasema wamepata nafuu.

Mwenye uwezo anunue pia kengele ndogo ya kutambua gesi hiyo, inayotumia betri. Hata mwenye jiko zuri la bomba anaihitaji. Kama una ndugu Dar es Salaam au nje ya nchi anayekuuliza akuletee zawadi gani, mwambie hiyo.

Nimekaa sana hapo kwa sababu ni jambo la uhai. Sasa turudi kwa Mwalimu na fundi wake wa pipa.

Fundi anasema jiko liwe kubwa ili liwe na nguvu. Je, nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye dari na isiyopitisha upepo, inahitaji nguvu kiasi gani? Fikiria pasi ya umeme. Usiku wa baridi wa Njombe, nyumba kama ile inahitaji joto la pasi mbili au tatu hivi zikiwaka pamoja. Basi. Kilo moja ya kuni kavu kwa saa, kwenye jiko zuri, inatoa joto hilo. Kilo moja tu kwa saa! Hapo ndipo utaona faida ya nyumba iliyozibwa: haihitaji moto mkubwa.

Pipa zima linameza kuni kilo tano, sita, kwa mkupuo. Likiwaka sawasawa linatoa joto la pasi zaidi ya kumi. Nini kitatokea? Baada ya nusu saa sebule itakuwa kama tanuri la matofali, watoto watavua masweta, na Mwalimu atafanya kile ambacho kila mtu hufanya. Ataziba hewa ya jiko ili moto upungue. Ni kama kupikia uji wa mtoto mmoja kwenye sufuria ya harusi, lazima uishie kuunguza au kupoteza.

Na moto uliozibwa hewa haupungui kwa heri. Unafuka. Unatoa moshi mzito badala ya miali. Moshi ule unapanda kwenye bomba lililopoa, unaganda ukutani mwa bomba kama lami nyeusi inayong'aa. Wiki baada ya wiki lami inanenepa. Siku moja moto unawaka vizuri, cheche inapanda, lami inashika moto ndani ya bomba lenyewe. Aliyewahi kusikia anajua, linanguruma kama lori linalopanda mlima. Na bomba hilo linapita katikati ya mbao za paa na, kwa wengine, katikati ya maranda makavu. Kwa hiyo jiko kubwa mno kwenye nyumba ndogo ni hasara ya kuni, ni uchafu, na ni hatari ya moto.

Ndiyo maana nasema: jiko dogo, moto mkali. Jiko dogo linalowaka kwa miali myeupe na ya njano, hewa yote ikiwa wazi, ni bora mara nyingi kuliko jiko kubwa linalofuka. Nalisema tena kwa ajili ya fundi kama anasikiliza, maana kazi ni yake: jiko dogo, moto mkali.

Fundi, twende pamoja taratibu. Tumbo la jiko liwe la kupokea kuni za urefu wa sentimita 25 hadi 30, vipande viwili vitatu vya unene wa kifundo cha mkono. Usitumie bati la pipa peke yake. Bati la pipa lina unene wa milimita moja hivi, baada ya msimu mmoja litapinda na kutoboka. Tafuta chuma cha milimita 5 au 6. Ndani lizungushie matofali ya udongo yaliyochomwa vizuri, ili tumbo libaki na joto kali na chuma kisiungue. Mlango ukae sawasawa, ukifungwa usionyeshe mwanga pembeni.

Na matundu ya hewa? Weka ya aina mbili, ya chini na ya juu. Ya chini ni ya kuwashia. Ya juu ndiyo watu wengi huyasahau, nayo yana siri kubwa. Zaidi ya nusu ya joto lililomo kwenye kuni limo kwenye ule moshi. Ndiyo, moshi ni kuni iliyogeuka hewa. Ukiuacha upande bila kuungua, umetupa nusu ya mzigo uliobebwa kichwani kutoka shambani. Ukipeleka hewa kidogo juu ya miali, hewa ambayo imepita ukutani mwa jiko ikapata moto, moshi unaungua palepale kabla haujafika kwenye bomba. Ukitoka nje ukatazama juu ya paa, jiko linalofanya kazi vizuri halionyeshi moshi wa kutajika, ila hewa inayocheza cheza.

Bomba sasa. Lipande wima, ndani ya nyumba, mpaka juu ya paa. Wapo wanaolitoa dirishani kwa viwiko viwili kisha linapanda nje ukutani. Kila kiwiko kinapunguza nguvu ya kuvuta, na bomba la nje linapoa haraka, lami inaganda. Bomba la inchi 6 linalokwenda juu moja kwa moja linavuta vizuri na linawapa joto lake mkiwa ndani. Likitoka kwenye bati lipande karibu mita moja, na lipite kwa sentimita 60 chochote kilicho umbali wa mita 3, ukiwemo mgongo wa paa lako mwenyewe. Likiwa fupi mno, upepo wa Njombe utarudisha moshi ndani.

Pale linapopita kwenye dari na mbao za paa, usifanye haraka. Bomba la kawaida lenye ukuta mmoja likae karibu nusu mita mbali na ubao wowote. Kama nafasi hiyo haipo, na mara nyingi haipo, tumieni bomba la kuta mbili, au mjenge dohani ya matofali kupita sehemu hiyo. Maranda yaondolewe kabisa kulizunguka. Na sehemu ya bomba iliyo karibu na moto isiwe ya bati lenye zinki, lile jeupe linalong'aa. Zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke unaodhuru kifua. Chuma cheusi cha kawaida kinatosha.

Kuna njia nyingine ambayo binafsi naipenda zaidi, hasa kwa nyumba inayotunza joto. Karne ya 18 nchini Uswidi, nchi yenye baridi kuliko yetu kwa mbali sana, kuni zilianza kuwa haba. Mwaka 1767 serikali yao iliwapa kazi mabwana wawili, Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede, watafute jiko litakalotumia kuni chache. Walichofanya kilikuwa cha akili sana. Walijenga jiko la matofali, refu kama kabati, na ndani yake wakaupitisha moshi kwenye njia zinazopanda na kushuka kabla ya kutoka nje. Moshi unapotembea njia ndefu, unaacha joto lake kwenye matofali. Unawasha moto mkali mara moja jioni, unaisha, na matofali yanaendelea kutoa joto pole pole usiku kucha. Majiko ya namna hiyo bado yapo katika nyumba za huko mpaka leo.

Unaona uzuri wake kwetu? Moto umezimika kabla hujaenda kulala, lakini joto halijazimika. Matofali tunayo, udongo tunao, na waashi tunao. Lakini kazi hii isifanywe kwa kubahatisha, njia za moshi zikikosewa jiko halivuti, na kizibo cha kulifunga bomba kisifungwe kamwe kama kaa bado ni jekundu. Mwalimu, kama hutapata muashi anayeijua, chukua jiko dogo la chuma kisha jengea ukuta wa matofali pande mbili zake, uache pengo la hewa kati ya chuma na tofali. Matofali yatakunywa joto jioni na kulirudisha usiku. Kwa nyumba kama yako, moto mdogo na tofali nene ndiyo ndoa inayodumu.

Jambo moja zaidi kwako, Mwalimu, kwa sababu umesema mmehamia mwezi wa tano. Nyumba mpya ina maji ukutani. Lipu na zege vilikunywa maji wakati wa ujenzi, na vinachukua miezi mingi kuyatoa. Sehemu ya baridi unayoisikia mwaka huu ni ukuta unaokauka. Kwa hiyo mchana, jua likiwa kali, fungua madirisha yote kwa saa moja, halafu funga kabla halijatua. Mwakani nyumba ile ile itakuwa na joto zaidi, na ungekuwa umenunua pipa zima ungejuta.

Kuni. Hapa hatuna shida ya mti, tuna shida ya subira. Miwati ililetwa kwa wingi Njombe tangu kampuni ya miwati ya Tanganyika, TANWAT, ilipoanza mwaka 1949. Lilitakiwa gome lake la kutengenezea ngozi, lakini sisi wenyeji tuliujua muwati kwa kuni zake, nzito, zenye kaa zuri. Mlingoti nao unafaa. Hata msindano, ambao watu wanauogopa kwa utomvu wake, unafaa ukikauka. Kosa ni kuchoma kuni mbichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Moto wako unafanya kazi ya kuchemsha maji hayo kwanza, ndipo ukukumbuke wewe. Pasua kuni, zipange chini ya bati, pembeni wazi upepo upite, na uchome mwakani ulizokata mwaka huu. Utajuaje zimekauka? Chukua vipande viwili uvigonganishe. Vikavu vinalia kwa sauti ya juu, kama marimba. Vibichi vinatoa kishindo kizito tu. Tazama na ncha zake, kuni kavu ina nyufa kama miale ya jua.

Na tafadhali, vipande vya nguzo za umeme visiingie jikoni. Najua kwenye viwanda vya nguzo mabaki yanapatikana kwa bei ndogo. Ubao wenye rangi ya kijani kijani umewekwa dawa yenye aseniki ndani yake, nayo ni sumu. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ukiyamwaga bustanini unayapeleka kwenye mboga.

Huenda kuna msikilizaji ananiuliza: Serikali inatuhimiza nishati safi, mbona unazungumzia kuni? Ni swali la haki. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaanzia 2024 hadi 2034, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Nauunga mkono kwa moyo wote. Pika kwa gesi, pika kwa umeme, mpumzishe mama yako na moshi. Mwenye uwezo wa kutia joto nyumba kwa hita ya umeme na atie. Lakini mkakati ule unahusu chungu, na usiku wa leo maelfu ya watu wa nyanda hizi watawasha moto kwa ajili ya miguu yao. Nataka moto huo uwe ndani ya jiko lenye bomba. Na jiko dogo lenye moto mkali, linalotumia kilo moja kwa saa, linaacha miti mingi shambani kuliko pipa linalofuka.

Muda wangu unakaribia kwisha. Mwalimu, mwonyeshe fundi wako yale niliyosema: tumbo dogo lenye matofali, mlango unaofunga, matundu ya chini na ya juu, bomba wima la inchi 6, na hewa yake kutoka nje. Mara mbili kwa msimu apande mtu apitishe brashi kwenye bomba. Mengine utayaona mwenyewe kwa macho, kwenye rangi ya miali.

Na wewe unayenisikiliza sasa hivi huku jiko la mkaa liko pembeni ya kitanda, na watoto wameshalala. Nakuomba uinuke. Usisubiri kipindi kinachofuata. Litoe jiko nje, fungua dirisha kidogo, waongeze watoto blanketi, na mlale pamoja mpate joto la miili. Usiku mwema.